Uanagenzi wa Vijana Wetu: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Kamati imetuagiza tuseme machache juu ya vijana wa Kaloleni wanaojifunza kazi kwa mafundi. Twaomba radhi mapema, kwani maneno haya yatawagusa watu tunaowaheshimu sana.

Mji wetu wa Voi ulikuzwa na reli, na tawi la Taveta lilipotandikwa wakati wa vita vya 1914, nyundo na spana hazikuwa tena vitu vigeni kwetu. Wazee wetu walijifunza kwa kusimama kando ya fundi na kutazama. Njia hiyo hatuilaumu. Hakuna kitabu kimfundishacho mtu kutambua kwa sauti tu kwamba randa yake imekuwa butu.

Lakini leo kijana hufagia karakana, hutumwa chai, hushika taa, na hapana aliyemwambia atamaliza lini. Mama yake alitoa ada mkono kwa mkono, bila hata karatasi. Twamjua mmoja aliyekaa miaka minne kwa mchomea vyuma. Lango akilichomea yeye, huoni lilipoungwa. Alipokwenda kuomba kazi aliulizwa cheti, hana. Hakupewa hata kipande cha chuma ajaribiwe. Akarudi kibanda kile kile, na ujira ukawa ule ule wa mwanafunzi.

Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ya 1959 humtambua mwanagenzi kuwa mtu aliyefungwa na mkataba wa maandishi. Tena mtihani wa ufundi, unaosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, haukuwekewa watu wa vyuo peke yao. Aliyejifunza chini ya mwembe naye huweza kuufanya, kuanzia Daraja la 3 na kupanda hadi la 1.

Fundi mmoja alituambia, “Nikimpa karatasi atanikimbia.” Kweli, wengine watakwenda, wala hatutamdanganya. Naye ana lalamiko la haki: humwachia kijana mbao na misumari ya kuharibu miezi sita, na siku kijana aanzapo kufaa, mzazi humwondoa bila kuaga. Basi mkataba na uwafunge wote wawili.

Kamati imeandika mkataba wa ukurasa mmoja. Umetaja muda, ada, ni nani atakayenunua vifaa, mwezi ambao mwanagenzi ataanza kupata posho, na mwaka wa kumpeleka mtihani. Ni wa wavulana na wasichana sawasawa. Binti akitaka gereji, asilazimishwe cherehani. Nakala ni tatu: ya fundi, ya mzazi, na ya kabati la Chama. Ziko mezani kwa Karani tangu asubuhi. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mashahidi wawili kabla hajatia kidole gumba.