Usafi wa Nyumba Huanzia Uvunguni





Mada tuliyopewa kuizungumzia ni afya na utulivu wa nyumbani. Huenda baadhi yenu mmetarajia tuanze na mambo makubwa. Sisi tumeona tuanze na mahali ambapo mgeni haoneshwi na ufagio haufiki kwa urahisi, nako ni uvungu wa kitanda. Kutoka hapo tutakwenda dirishani, uani na jikoni, kisha tutaeleza namna ya kuifanya kazi yenyewe bila kuchoshana wala kugombana.

Sababu ya kuichagua njia hii ni kwamba sisi walimu wa madrasa huwaona watoto wenu kila jioni. Tunamjua anayekohoa kwa wiki ya tatu sasa, anayekuja na macho mekundu kwa moshi, na anayesinzia juu ya ubao kwa kuwa usiku mbu hawakumwacha alale. Mengi ya maradhi haya hayahitaji fedha nyingi ili kuyazuia. Yanahitaji nafasi, hewa na mpangilio.

Neno maskani tumelipokea kutoka lugha ya Kiarabu, na mzizi wake ni mmoja na mzizi wa neno sukuni. Kila mtoto aliyeanza kusoma herufi anaijua sukuni. Ni ile alama ndogo inayowekwa juu ya herufi kuonesha kwamba hapo hapana irabu, herufi imetulia. Basi maskani ni mahali pa kutulia. Lakini mtu anayeruka masanduku ili akifikie kitanda chake, anayepekua mifuko kumi kila mara anapotaka kadi ya kliniki ya mwanawe, na anayeswali huku ameukunja mswala nusu kwa kuwa sakafu imejaa, huyo ana paa juu ya kichwa chake, lakini maskani bado hajaipata.

Ndugu zetu, tusifanye haraka kulaumiana kwamba nyumba zimejaa kwa uvivu. Wazee wetu wanaikumbuka vyema miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambapo sabuni, sukari, mafuta na nguo viliadimika nchini Tanzania. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, na pengine zamu ilipofika bidhaa ilikuwa imekwisha. Katika hali ile, mtu aliyehifadhi kopo tupu, kamba kuukuu na kipande cha kitambaa alikuwa mwenye busara, maana hakujua kesho angekipata wapi kingine. Hivyo ndivyo neno "kitafaa" lilivyoota mizizi majumbani mwetu.

Tangu katikati ya miaka hiyo biashara ilianza kulegezwa, mitumba ikaingia kwa wingi, na leo ndoo na makopo ya plastiki yamezagaa kila pembe. Vitu vimeongezeka, ilhali nafasi imepungua. Familia iliyokuwa na nyumba yenye ukumbi, vyumba sita na ua mpana, leo imegawana vyumba hivyo na wapangaji, na wapo wengi wanaolea watoto watatu au wanne ndani ya chumba kimoja. Kwa hiyo desturi iliyowalinda wazazi wetu wakati wa uhaba imekuwa ndiyo inayowabana wajukuu wao. Hili ndilo neno letu kuu: kila kitu tunachokiweka kwa ajili ya siku isiyojulikana kinachukua nafasi ya mtu anayeishi leo.

Hebu tuufungue huo uvungu. Humo mna masanduku ya nguo zisizovaliwa, viatu visivyo na wenzake, redio iliyokufa, vitabu vilivyoliwa na mchwa, ndoo za rangi, na viroba ambavyo hata mwenyewe hakumbuki vina nini. Mahali hapo hapafagiliwi, na vumbi lake humchochea mwenye pumu kila alalapo. Mende hujificha humo, na panya huzaa. Mwezi Julai 2022 ulitangazwa mkoani Lindi ugonjwa wa leptospirosisi, ambao Watanzania waliuita homa ya Mgunda. Ugonjwa huu huenezwa kwa mkojo wa wanyama walioambukizwa, panya wakiwa miongoni mwao, unapochafua maji, udongo au chakula. Panya haji nyumbani kwa bahati mbaya. Huja kwa kuwa amepata mambo mawili, chakula kisichofunikwa na mahali pa kujificha. Tukimnyima hayo mawili, atahama mwenyewe.

Tuinuke sasa tutazame dirisha. Katika nyumba nyingi kabati limesimamishwa mbele ya dirisha, au maboksi yamepangwa hadi juu, na dirisha halijafunguliwa tangu Idi iliyopita. Vimelea vya kifua kikuu husafiri hewani. Mgonjwa akikohoa ndani ya chumba kilichofungwa, huweza kubaki humo kwa saa kadhaa. Hewa inayopita huvitawanya, na mwanga wa jua huviua. Basi lihamisheni kabati. Fungueni madirisha kila asubuhi, toeni magodoro na mito juani angalau mara moja kwa wiki, na mtu anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili asiambiwe kuwa ni mafua, apelekwe akapimwe. Kadhalika chandarua. Kitanda kilichozungukwa na mizigo hakiruhusu chandarua kuchomekwa vizuri chini ya godoro, na mbu hahitaji zaidi ya upenyo mmoja.

Tutoke uani. Hapa wengi hudhani kwamba mbu ni wa madimbwi machafu tu. Yuko mbu anayeitwa Aedes, mwenye madoadoa meupe miguuni, ambaye huuma mchana na hupendelea kutaga katika maji yaliyotuama ndani ya vyombo: tairi chakavu, kopo, kifuu cha nazi, pipa lisilo na kifuniko, hata kisahani kilicho chini ya chungu cha maua. Huyu ndiye aenezaye homa ya dengi, ambayo iliwasumbua sana wakazi wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Ndiye pia aenezaye chikungunya, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika. Jina lake ni la Kimakonde, nalo linaeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa unaojulikana dunia nzima ulipata jina lake hapa kwetu, na bado tunamwekea mbu wake vyombo vya kuzalia.

Dawa yake ni nyepesi. Kila kisichohitajika na kinachoweza kushika maji kiondolewe au kifukiwe. Pipa la maji lifunikwe barabara. Kila wiki vyombo vya maji vimwagwe na visuguliwe ndani, kwani mayai ya mbu huyu hugandamana ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja maji yarudi. Kumwaga bila kusugua ni nusu ya kazi. Vilevile tusiwashe moto kuchoma plastiki uani, maana moshi wake ni sumu, wala tusitupe taka mtaroni, kwa kuwa tutakuwa tumemhamishia jirani maradhi yetu.

Sasa tuingie jikoni, na hapa tunaomba msikilize kwa makini zaidi, kwa sababu makosa ya jikoni huua kwa saa chache. La kwanza ni mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, lakini anaijua chupa. Akiikuta sakafuni kati ya vyombo vilivyorundikana, atakunywa. Mafuta ya taa, dawa ya kufulia na dawa ya wadudu vikae katika vyombo vyake vyenyewe, juu, mahali pa kufungwa. Na ikiwa msiba huo umetokea, mtoto asitapishwe, kwani mafuta yakipanda tena huweza kuingia mapafuni. Akimbizwe hospitali mara moja. Hali kadhalika, dumu lililowahi kutiwa dawa ya wadudu halioshwi likawa la maji ya kunywa. Litobolewe, lisitumike tena.

La pili ni jiko la mkaa. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mwenye kulala hajui kama anakufa. Jiko lisiingizwe chumbani kwa ajili ya kuota moto wakati wa baridi, wala lisiachwe ukumbini mlango ukiwa umefungwa. Panapowezekana tupike uani au penye upenyo wa kutosha wa moshi.

La tatu ni nafaka. Magunia yaliyoegemezwa ukutani na kuwekwa chini sakafuni hupata unyevu, na unyevu huzaa ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walifariki kutokana na mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yalitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Nafaka ikaushwe vizuri, iwekwe juu ya kichanja au mbao, mbali kidogo na ukuta, na iliyoota ukungu isiliwe wala isipewe kuku. Nunueni kiasi mnachoweza kukihifadhi salama.

Msisahau dawa. Katika nyumba nyingi upo mfuko wenye vidonge vya kila rangi, vilivyobaki kwa mgonjwa wa mwaka juzi. Dawa ya marehemu babu haiwi dawa ya mjukuu kwa sababu tu wote waliumwa tumbo. Zilizopita muda na zisizojulikana zirudishwe kwa mfamasia au zahanati, waelekeze namna ya kuziteketeza. Zilizobaki ziwekwe pakavu, pasipo joto, mbali na mikono ya watoto.

Baada ya kuyasema hayo, tutaifanyaje kazi hii? Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nasi tunasema kwamba wa kuinama si mama peke yake. Mtume (s.a.w.) anajulikana katika sira kuwa aliwahudumia watu wa nyumbani kwake kwa mikono yake. Basi hakuna mwanamume miongoni mwetu atakayepungukiwa heshima kwa kuvuta sanduku na kushika ufagio.

Msianze nyumba nzima kwa siku moja. Atakayefanya hivyo atachoka adhuhuri na kurudisha kila kitu kilipokuwa. Chagueni mahali pamoja kila siku, kati ya Alasiri na Magharibi: leo uvungu mmoja, kesho kona ya jiko, keshokutwa juu ya kabati. Vitu vyote vitolewe nje na vigawanywe mafungu matatu, la kutumika, la kutolewa na la kutupwa. Kitu ambacho mwaka mzima umepita hakikuguswa, na hakina kumbukumbu wala hati, hicho kina mwenyewe mwingine anayekingoja. Nguo nzima apewe anayeihitaji, ikiwa imefuliwa na kukunjwa. Iliyochanika isitolewe sadaka, iwe kitambaa cha kufutia, kwani maskini si jaa la taka zetu.

Vipo pia vya kuheshimiwa. Kitu cha amana hakitupwi. Mwenyewe aulizwe, aje akichukue. Mali ya bibi au babu isiguswe bila idhini yake, hata kama ni sanduku la bati lenye kutu. Kaeni naye, mfungue pamoja, msikilize historia ya kila kitu, nanyi mtaona kwamba akishasimulia, mengi atayaachia mwenyewe. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, hati za nyumba na kadi za kliniki viwekwe katika mkoba mmoja unaojulikana na watu wazima wawili. Hili peke yake litaondoa nusu ya kelele za asubuhi.

Na ili uvungu usijae tena, wekeni kanuni moja tu nyumbani: kimoja kikiingia, kimoja kitoke. Anayenunua jozi ya viatu achague ya kutoa. Mtoto akizoea hivyo tangu angali mdogo, hatahitaji mawaidha kama haya akiwa mkubwa.

Ndugu zetu, sisi ni watu tunaoosha viungo mara tano kwa siku, na tukiingia msikitini tunavua viatu ili tusiuchafue. Inatupasa heshima hiyo iifikie nyumba anamolala mtoto. Hatuwaombi mnunue chochote. Tunawaomba usiku huu, kabla ya kulala, kila mmoja wenu ainame, ainue shuka, atazame chini ya kitanda chake, na achague jambo moja la kuanza nalo kesho.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu na afya njema. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.