Chuma Chakavu: Jua Unachouza

Msikilizaji, kabla hujapeleka vyuma chakavu kwenye mizani, vitenganishe. Ukivichanganya, mnunuzi atalipa gunia zima kwa bei ya kile cha chini kabisa.

Anza na sumaku. Ikinasa, kwa kawaida ni chuma cha kawaida. Isiponasa usiharakishe kuuza, huenda ni shaba, alumini au chuma cha pua, ambacho aina zake nyingi hazinaswi. Hicho kina kromi, mara nyingi na nikeli, na kilo yake hulipwa zaidi sana kuliko kilo ya nondo.

Kisha angalia unene. Viwanda hupenda vipande vinene kwa sababu huyeyuka tanuruni bila kupoteza kingi. Bati lililoliwa na kutu hupotea sana motoni, ndiyo maana bei yake ni ndogo. Bloku ya injini ya chuma cha kumimina, ambacho kikipigwa nyundo huvunjika badala ya kupinda, iweke peke yake.

Mfuniko wa mtaro ni mali ya umma. Ukiletewa, usiununue ili kuuuza tena: mtoto atatumbukia kwenye mtaro ulioachwa wazi.

Mwisho, tafuta stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani. Isipokuwepo, kauze kwingine.