Goti Likiuma, Usilizoee

Mimi ni daktari wa upasuaji wa mifupa. Nilisomea udaktari miaka 6, nikafanya kazi hospitalini mwaka 1 chini ya wakubwa wangu, ndipo nikarudi chuoni kusomea mifupa.

Umeteguka mguu mpirani? Pumzika, uinue, weka barafu ndani ya kitambaa dakika 15. Usikandwe siku za mwanzo. Ukishindwa kukanyaga, kapigwe eksirei.

Diklofenaki za kila siku huumiza tumbo na figo, na chanzo kinabaki palepale.

Lakini goti likivimba, likawa moto, na homa juu, usingoje kesho. Huenda ni usaha, nao hula gegedu kwa siku chache tu. Nenda hospitali leo leo.