Kamba Katika Njia ya Soko

Mazungumzo ya redio kwa familia zilizohama makwao na kwa viongozi wa vijiji, Kasongo na Kabambare

  

Leo tuzungumze juu ya njia. Katika mwezi wa nne nilisafiri kwa pikipiki kutoka Kasongo kwenda Kabambare. Mnaijua njia yetu wakati wa mvua. Matope yanafika magotini, magogo ya madaraja yanateleza. Kila mara dereva ananiambia: "Mwalimu, shuka." Nashuka, nasukuma, napanda tena. Lakini nawaambia ukweli: matope hayakunichosha. Kilichonichosha ni kamba.

Kamba hizo mnazijua. Miti miwili imesimamishwa kando ya njia, kamba imefungwa katikati, vijana wamekaa chini ya kibanda cha majani. Hapa wanasema ni ya daraja, pale ni ya usalama, mbele kidogo ni ya chai. Majina yanabadilika, lakini franga ni zile zile.

Kwenye kamba moja nilimkuta mama mwenye beseni la mpunga kichwani. Vita vilikuwa vimemfukuza kwake, akakimbilia upande wa Kasongo. Huko alilima shamba la watu, akapewa sehemu yake ya mavuno. Sasa alikuwa anarudi Kabambare. Mpunga ule hakuupeleka sokoni. Ulikuwa mbegu, ya kupanda mvua zitakaporudi mwezi wa tisa. Kwa kuwa hakuwa na franga, kila kamba walimchotea kikombe. Akaniuliza: "Mwanangu, nikifika nyumbani nitapanda nini?"

Wandugu, kikombe kimoja ni kitu kidogo kwa kijana anayekichota. Lakini mbegu ikiliwa, ni shamba ndilo limeliwa. Na familia isiyo na shamba haiwezi kukaa kwake hata ikifika. Katika mikutano tunasema kila siku: waliohama warudi. Kisha njiani tunawanyang'anya kile ambacho kingewasaidia kurudi.

Nilizungumza na kapita wa mahali pale. Hakuwa mtu mbaya. Alinijibu kwa heshima: "Mwalimu, daraja hili tumelitengeneza sisi wenyewe. Vijana wetu walikata miti, waliingia majini. Serikali haikutuletea hata msumari. Kamba hii ndiyo mshahara wao." Maneno yake yana uzito, na sitayadharau. Aliyetengeneza daraja anastahili shukrani. Lakini nilimuuliza: je, shukrani hiyo ilipwe na mama asiye na kitu, kutoka katika mbegu yake?

Ndipo nikamkumbusha habari ya Nyangwe, hapa hapa kwetu, kando ya Lualaba. Msafiri Livingstone alikaa Nyangwe mwaka 1871. Aliandika kwamba hata wanaume wa pande mbili walipokuwa wakipigana, wanawake waliendelea kupita na bidhaa zao kwenda sokoni, na hawakuguswa. Sheria hiyo haikuletwa na Wazungu wala na Waarabu. Ilikuwa ya wazee wetu. Tarehe 15 Julai 1871 ilivunjwa. Watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa walipiga bunduki ndani ya soko. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama walipokimbilia mitumbwi. Wazee wetu walijua kwamba wanaume wakigombana, watoto wa pande zote mbili bado wanahitaji kula. Kama wao waliweza kuacha njia wazi wakati wa vita, sisi tunaotafuta amani tunashindwaje?

Sheria ya leo inasema vilevile. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye nchini haki ya kutembea kwa uhuru, kukaa, kutoka na kurudi, kwa kufuata sheria. Kifungu cha 174 kinasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Maana yake chifu hawezi kuianzisha kwa kinywa chake, wala askari kwa bunduki yake, wala kijana kwa kamba yake. Kodi ya kweli ina sheria, ina kiasi kinachojulikana, na ina risiti. Tena kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohama ndani ya nchi yao, katika kanuni ya 28, zinawataka wenye mamlaka wawezeshe watu kurudi kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima.

Sasa nina maombi matatu.

Kwanza, kwenu machifu na makapita. Kila mmoja aanze na kamba ya kijiji chake, kisha mkutane vijiji vyote vya njia moja, kwa sababu mmoja akiondoa na jirani akibakiza, msafiri bado analia. Kazi ya madaraja ifanywe kwa salongo, siku iliyopangwa. Wenye magari, pikipiki na biashara kubwa waombwe kusaidia kwa misumari na chakula, kwa mapatano mbele ya watu wote. Lakini mtu wa mguu, na familia inayorudi kwao, wapite bure.

Pili, kwenu vijana. Njia hii inaendelea mpaka Fizi na Baraka, kwenye pwani ya Tanganyika. Ndagala na chumvi vikija kwa bei nzuri, na mchele na mawese yetu yakienda, faida yake itazidi vikombe vya kamba.

Tatu, kwenu familia. Msibishane na mtu mwenye silaha. Uhai ni wa kwanza. Kumbukeni mahali, siku na kiasi mlichotozwa. Nendeni watu kadhaa pamoja kwa chifu, na asiposikia, kwa administrata wa teritwari. Na mkifika kwenu, msifunge kamba ya kulipiza kisasi juu ya watu wa kijiji kilichowatoza. Kamba ya kisasi huzaa kamba nyingine, na baadaye huzaa bunduki.

Kapita yule alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwambia kijana: "Inua, mama apite." Mama akapita, beseni lake kichwani. Ilikuwa kamba moja, siku moja, na mbele yake zilibaki nyingine.

Wewe unayenisikiliza, kama kamba mojawapo iko karibu na nyumba yako, zungumza na wenzako jioni hii. Mvua za mwezi wa tisa hazitamngoja mama yule.