Kitanda cha fundi hakibebi gari

Leo tuzungumze juu ya kifaa kidogo ambacho wengi wetu tumekiona gereji bila kukitilia maanani. Ni kile kitanda kifupi chenye vigurudumu ambacho fundi hulalia chali, akajisukuma kwa miguu mpaka uvunguni mwa gari.

Huenda ukauliza, jambo hili lina uzito gani hata lisemwe redioni? Tuchukue mfano wa Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, kwenye njia panda ya kuendea michoro ya mapangoni. Barabara kuu ya kutoka Dodoma hadi Babati, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikivunja springi na kuua shokapu, sasa ni ya lami, na ilizinduliwa rasmi mwezi Aprili mwaka 2018. Lami imerahisisha safari za magari madogo ya watu binafsi. Lakini mwenye gari dogo hana karakana. Kumwaga oili, kubadili bushi, kukaza bomba la moshi, yote hufanyika uani siku ya mapumziko, na gari lenyewe liko chini kiasi kwamba kuingia uvunguni ni kazi.

Wengi hulalia boksi lililokunjuliwa au gunia. Boksi si kosa. Ni bure, na likilowa oili hutupwa. Tatizo ni kwamba haliendi popote. Fundi hujiburuta kwa mabega, na asubuhi za Juni na Julai baridi ya ardhi humwingia mgongoni. Ndiyo maana watu hutafuta kitanda cha magurudumu. Wakifika dukani hutazama rangi na unene wa godoro, wakasahau kwamba rahisi ni ghali.

Ukitaka kitanda cha kudumu, anza kutazama magurudumu. Vigurudumu vidogo vya plastiki ngumu hukwama kwenye kila ufa wa sakafu na kokoto. Mpira wa kawaida huenda kimya, lakini ukizoea kunywa oili na dizeli huvimba na kulainika. Bora ni gurudumu pana kidogo, la plastiki ngumu yenye kunepa iitwayo poliuretheni, ambayo huvumilia oili, nalo liwe na beringi ndani. Tazama pia limefungwaje. Lililochomekwa kwa kishina chembamba hulegea upesi. Lenye bamba lililofungwa kwa bolti nne unaweza kulibadili mwenyewe likichakaa.

Baada ya hapo tazama fremu. Bomba la chuma la pembe nne lililochomelewa vizuri hudumu kuliko bati lililokunjwa. Ubao wa plaiwudi ni rahisi kutengeneza, lakini ukinyeshewa huachana tabaka kwa tabaka. Plastiki nzima hufutika oili kwa kitambaa, ila usiiache juani mwaka mzima, maana jua huifanya ivunjike. Jambo la mwisho ni kimo. Gurudumu kubwa huvuka kokoto, lakini humwinua fundi akagusa chasisi kwa pua. Dawa yake ni kitanda ambacho magurudumu yamefungwa pembeni na ubao umening'inia katikati yake. Mtu mzito kuliko wote nyumbani akilalie kabla hujalipa. Ubao ukigusa sakafu, kiache hapo hapo.

Kitanda hiki si lazima kitoke ng'ambo. Fundi wa kuchomelea wa Kondoa au Dodoma mjini anayetengeneza mageti na madirisha anaweza kukiunda, mradi umpelekee magurudumu mazuri na vipimo sahihi.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, kitanda bora cha namna gani hakitakusaidia kwenye mchanga. Udongo wa Kondoa tunaujua. Mmomonyoko wake ni miongoni mwa mambo yaliyofanya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, uanzishwe mwaka 1973. Kwenye udongo wa namna hiyo gurudumu huzama, na fundi hubaki akipiga miguu hewani. Kabla ya kununua kitanda, mwaga zege kipande cha kutosha gari moja, sawa bila mteremko. Kama fedha hakuna, baki na boksi lako. Halina aibu.

Sasa nifikie lililonifanya nichague mada hii. Kitanda kizuri humpa mtu ujasiri. Akishaona anateleza kirahisi, huingia uvunguni hata kwa kazi ya dakika mbili, na gari limeshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ya oili husimama kwa sababu ya kimpira kidogo ndani yake. Kimpira kikichoka, gari hushuka bila kupiga hodi. Jeki kazi yake ni kuinua. Kushikilia ni kazi ya stendi za chuma, zikitegeshwa mahali pagumu pa chasisi, pande zote mbili. Tofali si stendi, maana hupasuka ghafla. Magurudumu ya gari yanayobaki chini yawekewe vigingi mbele na nyuma, breki ya mkono ivutwe, kisha litikise gari kwa nguvu ukiwa ungali nje. Kama litaanguka, na lianguke wewe ukiwa umesimama.

Kwa hiyo mpangilio wa matumizi ya fedha zako uwe huu: kwanza stendi, pili sakafu, tatu kitanda. Anayeanza na kitanda amenunua starehe kabla ya uhai. Ukimaliza kazi, kisimamishe ukutani, maana watoto hukigeuza gari la kuchezea, na mtu mzima akikikanyaga gizani huanguka vibaya.

Gereji zenye waajiriwa zina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mwajiri anaweza kubanwa. Lakini uani kwako, iwe Kolo, Nkuhungu au Mbagala, siku ya Jumapili mkaguzi hapiti. Mkaguzi ni wewe, na mkeo au mumeo anayekuuliza kutoka mlangoni, "Umeliwekea stendi?" Usimjibu kwa hasira. Watu husema ajali haina kinga. Hii ya gari kumwangukia fundi kinga inayo, na inauzwa dukani, rafu moja na kile kitanda.

Hadi juma lijalo, kwaherini.