Mikono na Wengu wa Mtoto: Kuitambua Selimundu Mapema Katika Zahanati

Utangulizi

Selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, si ugonjwa mgeni kwetu. Tatizo ni kwamba mara nyingi tunaigundua mtoto akiwa hoi: analia kwa maumivu, macho yamekuwa ya manjano na damu imepungua mno. Hoja yangu ni kwamba ugonjwa huu hujitokeza mapema, na mhudumu wa zahanati anaweza kuushuku kwa macho na mikono yake kabla ya maafa.

Kinachotokea mwilini

Chembe nyekundu ya damu ya kawaida ni laini, hupenya mishipa myembamba bila shida na huishi siku 120 hivi. Kwa mtoto aliyerithi jeni la selimundu kwa baba na kwa mama, hemoglobini hushikamana inapoachia oksijeni. Chembe hukakamaa, hujipinda na kufa baada ya siku 10 hadi 20, hivyo damu haitoshi. Zilizokakamaa huziba mishipa midogo: mfupa ukikosa damu huuma, ubongo ukikosa damu mtoto hupooza.

Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kuwa mtu huyo ana kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo sababu jeni hili limeenea kwenye maeneo yenye malaria. Wazazi wote wawili wakiwa nalo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaliwa mtoto mgonjwa. Basi mama asibebeshwe lawama.

Dalili za mwanzo

Mtoto mchanga hukingwa na hemoglobini aliyotoka nayo tumboni. Inapopungua, kuanzia miezi 6 hivi, viganja na nyayo huweza kuvimba, vidole vikanenepa na mtoto akalia akiguswa. Wengine hudhani ameanguka, wengine hudhani amerogwa. Apimwe damu.

Kiungo cha pili ni wengu, au bandama, ulio chini ya mbavu za kushoto. Kazi yake ni kuchuja damu na kupambana na vijidudu. Chembe zilizopinda zinaweza kunaswa humo kwa wingi ghafla; wengu ukavimba na mtoto akaishiwa damu kwa saa chache. Mfundisheni mama kuupapasa: mtoto alale chali, magoti yamekunjwa, kiganja kianze chini ya tumbo upande wa kulia, kipande taratibu kuelekea mbavu za kushoto. Akiona umekua kuliko alivyouzoea na mtoto amepauka, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Vipimo na matibabu

Kipimo cha haraka cha kuangalia kama chembe zinapinda hakitenganishi mgonjwa na mwenye jeni moja, na kwa mtoto mchanga kinaweza kudanganya. Kipimo cha kuchambua aina za hemoglobini ndicho kinachotoa jibu.

Akithibitika, mtoto apewe penisilini kila siku hadi angalau miaka 5, kwa kuwa wengu wake haumlindi vya kutosha. Aongezewe asidi ya foliki, chanjo zote zikiwemo za nimonia, kinga ya malaria na maji ya kutosha. Homa kwake ni dharura. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa 2019, ulionyesha kuwa haidroksiyurea hupunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo. Dawa hiyo itolewe kwa usimamizi na vipimo vya damu.

Hitimisho

Napendekeza mambo matatu: kila mtoto mwenye vidole vilivyovimba bila sababu apimwe, kila mzazi wa mgonjwa afundishwe kupapasa wengu, na ndugu wa mgonjwa wapimwe pia. Penisilini ni dawa ya bei nafuu na mikono tunayo. Ndugu zangu, tusingoje mtoto azidiwe ndipo tumpime.