Nambari Tatu za Gunia na Mkungu wa Ndizi
Hotuba kwa wakulima wa ndizi, Taveta



Kila gunia la mbolea lina nambari tatu. Ya kwanza ni naitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu. Gunia la DAP limeandikwa 18-46-0. Sufuri hiyo ya mwisho ndiyo inayomgharimu mkulima wa ndizi, kwa maana potasiamu ndiyo chakula ambacho mgomba hukihitaji kwa wingi kuliko vyote. DAP inafaa kwenye shimo la kupandia, ambapo fosforasi husaidia mizizi michanga. Lakini anayeirudia mwaka baada ya mwaka, bila mbolea nyingine, anaulisha mgomba upande mmoja, na udongo wake unazidi kuwa na asidi.

Naitrojeni hujenga majani na shina. Ikipungua, majani hukwajuka, hutoka polepole na mgomba hudumaa. Potasiamu ikipungua, majani ya zamani hugeuka manjano ya chungwa kuanzia ncha na kingo, kisha hukauka na kukunjika. Ndizi hubaki nyembamba. Wengi wakiona hivyo hulaumu jua, kumbe mgomba una njaa.

Wakati nao una uzito wake. Idadi ya chane huamuliwa ndani ya shina, kabla mkungu haujachomoza. Mbolea iwekwayo baada ya hapo haiongezi hata chane moja. Faida yake kubwa huenda kwa chipukizi linalofuata. Kwa hiyo mbolea hugawanywa kwa awamu, mgomba ungali unakua na udongo una unyevu, iwe wa mvua au wa mfereji.

Kila mkungu unaopakiwa lori kwenda Mombasa huondoka na potasiamu ya shamba. Shina na majani yaliyobaki bado yana nyingi, hivyo yakikatwakatwa na kutandazwa shambani huirudisha, isipokuwa mgomba ulikuwa na mnyauko. Wapo wanaowapa ng'ombe mashina hayo. Si kosa, mradi samadi irudi kwenye migomba. Jivu la jikoni pia lina potasiamu, ila halifai penye udongo wa magadi.

Mizizi mingi inayolisha mgomba iko karibu na uso wa ardhi. Mbolea humwagwa kwa duara, kama sentimita 30 hadi 60 kutoka shinani, kisha hufunikwa kwa udongo kidogo bila kuchimba sana.

Kiasi cha kuweka hutegemea udongo wa kila shamba, na kipimo ni nafuu kuliko gunia lisilohitajika. Sampuli huchukuliwa kabla ya kuweka mbolea: udongo kutoka sehemu kadhaa za shamba huchanganywa kwenye ndoo safi, kisha nusu kilo hivi hutiwa kwenye mfuko. Afisa wa kilimo wa wadi ataonyesha unakopelekwa.